Mashine Haina PIN: Siri ya Biashara Yako Inakaa kwa Nani?

Kuna onyo moja ambalo Wakenya wamelishika kweli kweli: PIN ni ya mwenyewe. Mama mboga hufunika simu kwa kiganja anapobonyeza zile namba zake. Mwendesha boda hakubali kumtajia wakala, hata kama kioo cha simu kimepasuka na anahitaji kusaidiwa. Na mtu akipigiwa simu na sauti ya upole inayodai inatoka kwa kampuni na inaomba PIN, wengi siku hizi hukata mara moja. Onyo hilo tumelirudia kwa miaka, na tunafurahi kwamba limeingia.

Lakini watu hao hao wakianza kuuza mtandaoni, mambo hubadilika. Biashara inapata tovuti, tovuti inatakiwa ipokee malipo yenyewe, fundi wa programu anaitwa. Hapo inatoka siri nyingine, nzito kuliko PIN, na inatoka hivi hivi tu: kwa WhatsApp, kwa kikaratasi, kwa "Bosi, wewe nitumie nimalizie kazi". Mara nyingi mwenye biashara hata hajui kwamba kuna siri imetoka.

Msimamo wetu ni huu: siri ambayo mashine yako hutumia kujitambulisha kwa mfumo wa malipo ni mali ya biashara, si mali ya fundi. Ni juu ya mwenye biashara kujua imewekwa wapi, nani anaweza kuiona, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Si lazima ujue kuandika programu ndipo ujue mambo hayo matatu. Unachohitaji ni kuelewa kidogo jinsi mashine zinavyotambuana, na hilo tutalieleza hapa.

Mashine hujitambulisha vipi

Wewe ukilipa kwa simu, unajulikana kwa vitu viwili: laini yako na PIN yako. Laini inasema wewe ni nani, PIN inathibitisha. Seva ya duka lako haina laini wala vidole. Mteja akiagiza viatu saa nane usiku, hakuna mtu atakayeamka kubonyeza chochote. Seva yenyewe inatuma ombi kwa mfumo wa malipo: mwombe mteja mwenye namba hii alipe shilingi 2,500. Na mfumo wa malipo lazima ujiulize: huyu anayeniagiza ni duka lenyewe, ama ni mtu anayejifanya duka?

Utaratibu unaotumika sehemu nyingi duniani kujibu swali hilo unaitwa OAuth 2.0, na kanuni zake zilichapishwa Oktoba 2012. Ndani yake kuna njia moja iliyowekwa kwa ajili ya mashine kuongea na mashine bila binadamu katikati.

Tuchukue mfano unaojulikana sana hapa kwetu. Daraja ya Safaricom, ambayo mafundi huitumia tangu 2017 kuunganisha programu zao na M-PESA, hufuata njia hiyo. Biashara ikisajili programu yake hupewa vitu viwili vinavyoitwa Consumer Key na Consumer Secret. Cha kwanza ni kama jina. Cha pili ndicho siri. Seva inaviunganisha viwili hivyo na kuvituma kuomba ruhusa, na inajibiwa kwa tokeni pamoja na idadi ya sekunde ambazo tokeni hiyo itaishi: 3599. Hiyo ni dakika 60 kasoro sekunde moja. Kuanzia hapo kila ombi la malipo linabeba ile tokeni, si ile siri. Muda ukiisha, seva inarudi na siri yake kuomba tokeni nyingine. Mifumo mingine ya malipo ina majina yake na muda wake, lakini mtindo ni huo huo.

Kama bado ni giza, fikiria jengo la ofisi pale mjini Nairobi. Langoni unamwonyesha askari kitambulisho, anakuandika, anakupa kadi ya mgeni. Ukishaingia, milango inafunguka kwa ile kadi. Hakuna anayekudai kitambulisho tena kwa kila ghorofa. Jioni ikifika, kadi inazimwa. Ukiiangusha kwenye lifti, aliyeiokota ana muda mfupi tu wa kuitumia vibaya. Lakini ukipoteza kitambulisho chenyewe, na kama askari haangalii sura, huyo mwizi atakuja kesho, kesho kutwa na wiki ijayo, na kila siku atapewa kadi mpya kwa jina lako.

Tokeni ni kadi ya mgeni. Siri ni kitambulisho. Na kwenye mashine, askari haangalii sura: anayeleta jina na siri sahihi ndiye duka, basi.

Hii si tokeni ya stima

Neno tokeni linaweza kuchanganya, kwa sababu nyumbani tunalitumia kila siku kwa zile tarakimu 20 za umeme. Zinafanana kidogo: zote ni maandishi yanayokupa haki ya kupata kitu. Lakini tokeni ya stima inaingia kwenye mita moja, mara moja, na imekwisha. Ukimsomea jirani tokeni uliyokwishaweka, hapati hata uniti moja. Tokeni ya mashine hutumika mara nyingi kadiri unavyotaka mpaka muda wake uishe, na haina mita yake. Aliye nayo mkononi ndiye mwenye ruhusa. Mfumo haumuulizi aliitoa wapi.

Ndiyo maana ikapewa maisha mafupi. Tunasikia mafundi wakinung'unika kwamba saa nzima ni kidogo, kwamba ingekuwa rahisi kupewa ufunguo mmoja wa kudumu na mambo yaishe. Hapo hatukubaliani nao. Kitu kinachosafiri kila dakika, kwa kila ombi, ndicho kinachoweza kudondoka njiani: kinaingia kwenye kumbukumbu za seva, kinabandikwa kwenye ujumbe wa kuomba msaada, kinaonekana kwenye picha ya skrini. Afadhali kinachosafiri sana kiwe ni kitu kinachokufa upesi, na kile cha kudumu kitulie mahali pamoja na kitoke mara chache.

Muda huo mfupi pia humfichua fundi aliyeruka hatua. Kuna tatizo ambalo wafanyabiashara hulieleza kwa maneno yale yale: "Alinionyesha malipo yakifanya kazi, nikamlipa, na kabla ya jioni yakagoma." Mara nyingi sababu ni ndogo. Fundi alichukua tokeni moja kwa mkono, akaibandika ndani ya msimbo, akajaribu, ikakubali. Dakika 60 zikapita, tokeni ikafa, na duka likabaki linabisha hodi na kadi ya jana. Programu iliyoandikwa vizuri huomba tokeni yenyewe, huihifadhi, huitumia mpaka muda unapokaribia kuisha, kisha huomba nyingine kabla mteja hajakwama. Kuna wengine wanaoenda upande wa pili na kuomba tokeni mpya kwa kila malipo. Hiyo nayo si nzuri. Inaongeza safari isiyo na kazi, na siri inatolewa nje mara elfu badala ya mara chache.

Siri inavyovuja

Tatizo kubwa, kwa maoni yetu, si tokeni. Tokeni imeundwa ikijua kwamba inaweza kupotea. Tatizo ni siri inayoizaa, na huvuja kwa njia nne tunazoziona za kawaida sana.

Ya kwanza ni kuiandika ndani ya msimbo wenyewe. Fundi anapakia kazi yake kwenye hazina ya wazi kama GitHub ili aioneshe kwa wateja wengine, na siri yako imo ndani. Zipo programu zinazozunguka kwenye hazina hizo usiku na mchana zikitafuta maandishi yanayofanana na funguo. Na kufuta mstari baadaye hakusaidii, kwa sababu hazina hizo hutunza historia ya kila badiliko. Siri ikishaonekana huko, dawa ni moja: kuibadilisha.

Ya pili ni kuiweka ndani ya programu ya simu au kwenye ukurasa wa tovuti. Kila mteja aliyepakua programu yako amepakua siri pamoja nayo. Kufungua faili ya programu ya Android na kusoma yaliyomo hakuhitaji uchawi, na ukurasa wa tovuti ndio rahisi zaidi, maana kivinjari chochote kitakuonyesha msimbo wake. Siri ya mashine inakaa kwenye seva. Simu ya mteja iongee na seva yako, na seva yako ndiyo iongee na mfumo wa malipo.

Ya tatu ni kudanganywa na maandishi yasiyosomeka. Jina na siri vinapotumwa kuomba tokeni hugeuzwa kwanza kwa mtindo unaoitwa Base64, na matokeo yake ni mkururo wa herufi usio na maana machoni. Tumesikia watu wakisema, "Usijali, imefichwa." Haijafichwa. Base64 ni namna ya kuandika tu, kama kuandika jina lako kinyumenyume. Yeyote anaweza kulirudisha bila ufunguo wowote, na kwenye intaneti kuna kurasa za bure za kufanya hivyo kwa sekunde moja. Kinachoilinda siri njiani ni muunganisho uliofungwa wa https.

Ya nne ndiyo ya kibinadamu zaidi: fundi ameondoka. Alifungua akaunti ya mfumo wa malipo kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ilikuwa haraka. Sasa yuko kazi nyingine, ama yuko Doha, ama mmekosana kuhusu salio la malipo yake. Duka linaendelea kuuza, lakini ufunguo wa duka uko mfukoni mwa mtu ambaye hapokei simu zako.

Mwizi atafanya nini nayo

Hatutaki kukutisha bure, kwa hiyo tuseme ukweli wote. Mtu akipata Consumer Key na Consumer Secret peke yake, hawezi kuamka asubuhi akahamisha pesa zako zote. Mifumo mizuri ina milango zaidi ya mmoja. Kwenye Daraja, kumtumia mteja ule ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu kunahitaji pia nenosiri jingine la namba yako ya biashara, na mteja mwenyewe bado lazima aweke PIN yake. Kutoa pesa kwenye akaunti ya biashara kwenda kwa watu, au kurudisha muamala, kunahitaji jina la mtumiaji maalumu aliyeruhusiwa na nenosiri lake lililofungwa kwa njia ya siri.

Lakini hebu tuulize: hivyo vitu vingine vimewekwa wapi? Kwa kawaida viko kwenye faili ile ile, mistari miwili chini. Aliyepata kimoja amepata vyote. Milango mitatu haina maana kama funguo zote zinaning'inia kwenye msumari mmoja.

Na hata bila kugusa pesa, madhara yapo. Mtu anaweza kuwatumia watu maombi ya malipo yenye jina la biashara yako mpaka wateja wakuone tapeli. Na aliyefika kwenye faili hiyo mara nyingi ameshafika pia kwenye kumbukumbu za seva yako, zenye namba za simu za wateja na kiasi walicholipa. Hizo ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezikusanya azilinde. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, inamtaka amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua. Sheria haitamuuliza fundi kwanza. Itamuuliza mwenye duka.

"Lakini mimi si mtu wa kompyuta"

Hili ndilo jibu tunalopewa mara nyingi, na tunalielewa. Mwenye hadwea, mwenye shule, mweka hazina wa chama, hawa hawakusomea programu. Wanasema wameajiri fundi ili wasihangaike na mambo hayo, na kwamba wakianza kumuuliza maswali ataona hawamwamini.

Lakini fikiria kufuli ya duka lako la kawaida. Hukuitengeneza. Hujui chuma chake kilivyochongwa. Hata hivyo unajua funguo ni ngapi, nani anazo, na mfanyakazi akiacha kazi unabadilisha kufuli. Hakuna mfanyakazi mwaminifu anayekasirika kwa hilo. Siri ya mashine haihitaji elimu zaidi ya ile unayotumia kwenye kufuli.

Kwa mafundi tuna neno pia. Baadhi yenu husema mteja akipewa funguo ataziharibu, atazituma kwenye kundi la familia, kwa hiyo ni salama zaidi mkikaa nazo wenyewe. Huenda ni kweli kwamba baadhi ya wateja hawako makini. Lakini siku pesa zikipotea, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule aliyekuwa na ufunguo. Ukikabidhi akaunti kwa mwenyewe, ukaandikiana naye, umejilinda wewe kuliko unavyomlinda yeye. Fundi mzuri hujenga kitu kinachoendelea kufanya kazi hata akiwa hayupo.

Wengine watasema haya ni mambo ya benki na kampuni kubwa, si ya duka linaloingiza elfu chache kwa siku. Sisi tunaona kinyume. Kampuni kubwa ikiibiwa ina wanasheria na bima. Duka dogo likipoteza mauzo ya wiki moja linaweza lisifungue tena. Na tahadhari tunazozungumzia hazina gharama ya kununua kitu. Zinahitaji alasiri moja na mazungumzo ya wazi.

Maswali ya kumuuliza fundi wako

Wiki hii, mpigie fundi aliyekuunganishia malipo na umuulize haya. Jibu lolote lisilo wazi ni dalili ya kufuatilia.

1. Akaunti ya mfumo wa malipo imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Jibu sahihi ni barua pepe ya biashara, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifungua.

2. Siri imewekwa wapi? Jibu sahihi ni kwenye seva, nje ya msimbo, mahali ambapo programu ya seva peke yake inaisoma. Akikuambia imo ndani ya programu ya simu, kazi haijaisha.

3. Tokeni inaombwaje ikiisha? Jibu sahihi ni kwamba programu inaiomba yenyewe kabla haijafa, bila mtu kuibandika kwa mkono.

4. Funguo za majaribio na funguo za kazi halisi ni tofauti? Lazima ziwe tofauti. Fundi afanye majaribio kwenye mazingira ya majaribio, si kwenye pesa za wateja wako.

5. Kama una tovuti na pia programu ya kutoza kodi za nyumba, kila moja ina funguo zake? Ni vizuri iwe hivyo inapowezekana. Siri ya moja ikivuja utaifunga hiyo moja tu, na nyingine itaendelea.

6. Tukitaka kubadilisha siri leo, itachukua muda gani? Kama jibu ni "lazima niandike upya sehemu kubwa ya programu", basi siri imetawanywa mahali pengi. Kazi iliyopangwa vizuri hubadilisha siri mahali pamoja na kuendelea.

Swali la sita ndilo tunalolipenda zaidi, kwa sababu halijibiwi kwa maneno. Mwombe aibadilishe kweli, ukiwa umekaa hapo, saa ambayo mauzo ni madogo. Siri ya zamani ife, mpya iingie, kisha ujilipe shilingi 10 uone kama pesa zimeingia. Zikiingia, umejua mambo mawili kwa pamoja: mfumo wako unaweza kubadilishiwa kufuli, na yeyote aliyewahi kuwa na ufunguo wa zamani sasa ana kipande cha maandishi tu.

Fanya hivyo pia kila fundi anapomaliza kazi na kuondoka, hata kama mmeagana vizuri na utamwita tena mwezi ujao. Akirudi, utampa ruhusa nyingine. Andika tarehe ya badiliko kwenye kitabu kile kile unachoandikia mikopo na madeni ya duka, ili swali la "ilibadilishwa lini" liwe na jibu wakati wowote.